Pamba za Mjomba Haji

Harufu ya mota inayoungua haifanani na harufu nyingine yoyote. Si moshi wa kuni, si plastiki tupu. Ina utamu fulani mbaya, kama karanga zilizosahauliwa kikaangoni pamoja na mpini wa kikaango. Wiki iliyopita ilitujazia maabara. Mwalimu wa fizikia alikuwa anatuonyesha jinsi umeme unavyozungusha mota, kitu kikakwama ndani, mota ikanguruma, ikanyamaza, na harufu hiyo ikatoka. Wenzangu wa kidato cha tatu walikimbilia madirishani wameziba pua kwa mitandio. Mimi nikabaki pale pale mezani navuta pumzi, kama mtu anayepita mlangoni kwa muuza vitumbua.

"We Mwanaidi, unaumwa?" rafiki yangu akaniuliza.

Nikamwambia siumwi. Kumweleza zaidi mbele za watu nisingeweza. Mambo ya mbele za watu yananishinda tangu zamani, ndiyo maana naandika. Kwenye karatasi hakuna anayenitumbulia macho, na nyinyi mnaosoma mnaweza kucheka mimi nisiwaone.

Basi harufu ile ilinirudisha nyumbani Bagamoyo, kwenye zile nyumba za kale za upande wa pwani, nilipokuwa darasa la sita na nilipotengeneza meli.

Inabidi nianze na baba. Baba yangu ni baharia wa chini. Hivyo ndivyo mama alivyokuwa akisema, "wa chini", maana hakuwa mtu wa usukani wala wa sitaha. Kazi yake ilikuwa chumba cha injini, kupaka mafuta na kuzilea mashine za meli ya mizigo iliyozunguka bandari za mbali. Nyumbani alikuja kwa nadra, na akija alikuja na tende, sabuni zenye harufu ya nchi nyingine, na ukimya. Nami nilikuwa na ukimya wangu. Tukikutana tulikuwa kama watu wawili waliobeba magunia kwenye kichochoro chembamba: kila mmoja anampisha mwenzake, na hakuna anayepita.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Hujambo?"

"Sijambo."

"Shule?"

"Nzuri."

Baada ya hapo ilibaki saa ya ukutani kuongea peke yake. Mama alikuwa akituchungulia kutoka jikoni na kutikisa kichwa. "Nyinyi wawili," alisema siku moja, "mkiachwa peke yenu buibui watawajengea midomoni."

Nilidhani hanipendi sana. Sikuwahi kumwambia mtu, lakini ndivyo nilivyodhani. Niliona baba za wenzangu wanavyowakaripia, wanavyowatania, wanavyowatuma dukani kwa sauti ya mtaa mzima kusikia, nikatamani hata kukaripiwa.

Mwaka ule baba alipiga simu akasema inshallah Idd itamkuta nyumbani. Ndipo nilipopata mpango wangu. Safari moja iliyopita aliwahi kunitajia kwamba meli yake ina propela mbili nyuma. Ile ilikuwa sentensi ndefu kuliko zote alizowahi kuniambia, nikaitunza. Nikaona nikijenga meli ya mbao kama ile, yenye mota mbili za kweli, atauliza habari zake, nami nitajibu, kwa kuwa majibu yote nitakuwa nayo mikononi. Tutakuwa na cha kuongea. Kwa akili ya darasa la sita ule ulikuwa mpango mzito.

Bahati yangu ni kwamba tuliishi na Mjomba Haji, kaka yake mama, fundi wa kalafati kule pwani wanakotengeneza vyombo. Kazi ya kalafati ni kuziba. Mjomba alichukua pamba, akaisokota, akailowesha mafuta ya nazi, akaipigilia kwa patasi butu katika nyufa za mbao mpaka maji yasione pa kupenya. Mikono yake ilinuka mafuta hata akioga na zile sabuni za baba. Na mdomo wake haukupumzika. Maneno yalipogawiwa katika ukoo wetu, nadhani Mjomba alipanga foleni mara mbili akachukua na fungu langu.

"Meli ya kuchonga gogo hiyo si meli, ni mwiko wa kusongea ugali," aliniambia nilipomwonyesha gogo nililookota. "Wewe mjukuu wa nani? Tunajenga kwa mataruma."

Mataruma ni mbavu za chombo. Mafundi wa kwetu hawapindishi mti ili upate ubavu. Wanatafuta mti uliopinda wenyewe, wanauzungusha machoni, mpaka waone ubavu umelala ndani yake. Mama alipokwenda Mapinga kumjulia hali dada yake nikaomba kufuatana naye. Kule walikuwa wanakata mikorosho kusafisha viwanja vya watu wa mjini, na matawi yamelala ovyo kila mahali. Niliokota vijiti vilivyopinda kama viganja, vilivyopinda kama pembe za mbuzi, nikajaza kikapu. Mama mkubwa akauliza kama nyumbani tumeishiwa kuni.

Mkuku, yaani ule mti wa chini unaobeba chombo kizima, ulitoka kwenye kipande cha mninga alichokileta Mjomba. Mbao za ubavuni zilitoka kwenye makreti ya matunda. Kila jioni baada ya chuo cha Kurani tulikaa uani, yeye anapiga hadithi na mimi natoboa kwa keke na kugonga misumari ya viatu. Nakumbuka vumbi la mninga lilivyokaa kooni na ladha yake chungu. Nakumbuka nilivyoulowesha kila ubao kwenye karai la kufulia, nikaukunja taratibu juu ya mbavu nikiomba usivunjike, na sauti ndogo ya "kch" ulipovunjika. Nilivunja nyingi. Mjomba alizitumia kuchemshia kahawa na kunishukuru kwa kila moja.

Mota zilikuwa mtihani mwingine, kwa kuwa ilibidi nikaziombe mwenyewe kwa fundi redio. Nilisimama mbele ya meza yake kimya muda mrefu hadi akanyoosha mkono akaniambia nilete simu niliyotumwa kuchaji. Nikatikisa kichwa. Akaniuliza nimetumwa na nani. Nikatikisa kichwa tena. Mwishowe nikamwonyesha kigari cha watoto kilichovunjika juu ya rafu yake, nikasema "mota", neno moja tu, jasho linanitoka. Akacheka akanipa mota ya kile na ya kigari kingine. Nilirudi nyumbani mbio kama niliyeiba.

Betri na swichi nilizitoa kwenye tochi kuukuu. Shafti, vile vyuma vyembamba vya kuzungushia propela, zilikuwa spoku za baiskeli. Propela nilizikata kwenye bati la kopo la nyanya, na usukani vilevile. Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo penyewe. Shafti lazima itoke nje, mota iko ndani na propela iko majini. Kwa hiyo nilitoboa matundu mawili nyuma ya meli, chini kabisa, nikapitisha mirija ya kalamu, na ndani ya kila mrija nikajaza grisi kisha nikapitisha spoku. Grisi inazuia maji, spoku inazunguka. Nilijaribu kwenye karai, na propela zote mbili zilizunguka, zikarusha maji hadi kwenye unga wa mama.

Siku ya kuamkia Idd ilibaki kazi moja, kalafati na deheni. Deheni ni ule mchanganyiko wa chokaa na mafuta ya mnyama wanaopaka chombo tumboni. Mjomba akasema hiyo ni kazi ya mwenye kazi, mimi niende kwa jirani nikapakwe hina na wenzangu. Nikaenda. Niliporudi mikono yangu ilikuwa imefungwa mifuko ya plastiki mpaka kwenye viwiko, na meli ilikuwa imelala uani chini ya kanga, nyeupe tumboni, nzuri mno. Sikuweza kuigusa. Niliizunguka tu kama paka.

Baba alifika jioni ile ile. Shikamoo, marahaba, shule, nzuri. Akatazama mifuko mikononi mwangu kama anayetaka kuuliza jambo. Nami nikatazama kanga pale uani kama ninayetaka kusema jambo. Kisha akaenda kuoga.

Mpango wangu ulikuwa kwamba kesho yake, watu wakishatawanyika, nimchukue baba peke yake tukajaribu meli. Mama akauvunja asubuhi, tumerudi kutoka sala, nilipomnong'oneza nikiwa namsaidia sinia.

"Peke yenu?" akasema, na mama hanong'oni. "Chombo kishuliwe kimyakimya kama cha magendo? Katika nyumba hii?"

Kushua ni kukiingiza chombo majini mara ya kwanza, na kwetu hakishuliwi bila dua, ubani na watu kula. Mama akachukulia meli ya mbao za makreti kama jahazi la mizigo. Akatoa kalimati zilizobaki, akamtuma mtoto wa jirani apite milango yote, na kabla sijapata pa kujificha tulikuwa tunateremka pwani msafara mzima, mimi nimebeba meli mbele, kanzu na mabaibui mapya nyuma, na Mjomba Haji akitangaza njia nzima kwamba hapa haliingii tone.

Maji ya mwezi mpya yalikuwa yamekupwa mbali. Nyuma ya fungu la mchanga lilibaki dimbwi kubwa, tulivu, la magotini. Mjomba akasoma dua fupi kuliko maneno yake yote ya mwaka. Mama akauzungusha ubani juu ya meli. Watu wakaitikia amina. Nikaiweka majini, na kweli ilikaa wima, haikuegama, haikuvuja. Baba alisimama upande wa pili, kanzu nyeupe, mikono nyuma.

Nikabonyeza swichi.

Meli ikanguruma. Haikwenda. Ikanguruma kwa sauti nzito zaidi, ikatetemeka kidogo kama mtu mwenye homa, na harufu ile ikapanda, ile ile ya maabara.

"Imeshiba kalimati!" akapiga kelele Shabani, mtoto wa jirani, na watoto wote wakaangua kicheko. "Ipe chai iteremshie!"

Nikazima swichi. Nikaanza kulia. Mjue kwamba sikulia kwa ajili ya meli. Nililia kwa sababu cha kuongea na baba kilikuwa kimeungua mbele ya macho yake, na sikuwa na kingine.

Nilipofuta macho nikaona miguu majini mbele yangu. Baba alikuwa amevua viatu vya Idd, amekunja kanzu mpaka magotini, amechuchumaa upande wa pili wa meli.

"Zilikuwa zinazunguka jana?" akauliza.

Nikatikisa kichwa kukubali. Lakini hakuwa ananitazama, macho yake yalikuwa kwenye meli, kwa hiyo kutikisa kichwa hakukufaa kitu. Akasubiri.

"Ndiyo," nikasema. "Kwenye karai."

"Zote mbili?"

"Zote mbili. Ya kushoto ilikuwa inasuasua, nikaiongezea grisi."

"Grisi uliiweka wapi?"

"Kwenye mrija. Shafti inapita ndani ya mrija wa kalamu, halafu grisi inazuia maji, halafu…" Nikasikia sauti yangu inaendelea yenyewe. Nikamweleza spoku, nikamweleza bati la kopo, nikamweleza nilivyofunga mota na kipande cha ndara ili isitikisike. Yeye alikuwa anauliza tu, swali fupi fupi, na kila nikijibu anasema "ehee". Watoto waliacha kucheka wakasogea.

"Basi tuitazame hiyo mirija," akasema baba. "Geuza chombo chako."

Alisema chombo chako, na hakukishika. Nikakigeuza mwenyewe. Mahali spoku zilipotokea kwenye mirija palikuwa laini, peupe, pamepakwa deheni vizuri kama ukuta wa msikiti. Baba akanitazama, mara hii usoni. Nikachomoa pini ya mtandio wangu nikachokonoa. Ikatoka pamba. Nikavuta, ikatoka nyingine, ndefu, imelowa mafuta ya nazi, imepigiliwa kiasi kwamba niliivuta kwa meno.

Watu wote wakamgeukia Mjomba Haji.

"Nini?" akasema Mjomba. "Nimekuta matundu mawili makalioni mwa chombo! Chini ya maji! Mimi fundi mzima niyaache? Nimeziba! Na nimeziba vizuri!"

"Shemeji," baba akamwambia taratibu, "wewe ungekuwa kwetu, meli ingekuwa bado iko gatini."

Sikuwahi kumsikia baba akitania. Pwani nzima ilicheka, na Mjomba akacheka kuliko wote, kisha akaanza kuwaeleza watu jinsi pamba ile ilivyokuwa ngumu kutoka, kama sifa yake.

Mota ya kushoto ilikuwa imekufa kabisa. Ya kulia ilikohoa, ikaamka. Nikairudisha meli majini, ikaondoka kwa kasi, na ikaanza kuzunguka duara moja tu kama mbuzi aliyefungwa kwenye kigingi. Shabani akafungua mdomo, mama akamtia kalimati.

"Inaelemea wapi?" baba akauliza.

"Kushoto."

"Sasa?"

Nilifikiri. Aliniacha nifikiri, ingawa nyuma ya fungu la mchanga maji yalikuwa yameanza kurudi na tuliyasikia. Kisha nikaukamata usukani wa bati nikaupinda upande wa kulia. Nikaachia. Meli ikasita, ikajinyoosha, ikaenda. Haikwenda vizuri. Ilikwenda ubavu ubavu kama kaa, lakini ilivuka dimbwi lote mpaka ikapanda mchanga wa ng'ambo, na mwanamke mmoja akapiga kigelegele cha harusi kabisa.

Tulirudi nyumbani wa mwisho, mimi na baba, meli katikati yetu, kila mmoja kashika upande. Njiani aliniambia kwamba kule chini kwenye injini kelele ni kubwa kiasi kwamba hakuna anayeongea. Wanaonyeshana kwa mikono: fungua, funga, ongeza, lete. "Ukizoea," akasema, "ukipanda juu mdomo unakuwa mzito." Akanionyesha ishara ya "njoo", na ya "mafuta yameisha", na ya "chai tayari". Mimi nikampa ishara ya Mjomba Haji, mkono unaofunguka na kujifunga bila kukoma. Akacheka mpaka akasimama.

Kwa miaka kadhaa nilidhani hapo ndipo hadithi inapoishia. Nilidhani baba aliingia majini kwa sababu anajua injini, kama daktari anavyomwendea mgonjwa. Kisha mwaka jana, mama alipokuwa ananifungia sanduku la kuja shule ya bweni, na mimi nikilalamika kwamba naogopa kukaa na watu nisiowajua, akaniambia jambo.

"Ulivyo wewe ndivyo alivyo baba yako," akasema. "Siku ile ya meli aliiona alfajiri, anatoka kutia udhu. Alifunua kanga akaizungukia weee. Akaja kuniamsha: kaka yako kaziba mirija ya mtoto, itaunguza mota. Nikamwambia si umwambie mwenyewe? Akaenda mpaka mlangoni kwako. Nikamsikia amesimama. Akarudi. Eti hajui aanzeje. Eti akikigusa chombo cha mtu bila ruhusa utachukia."

Nilikaa kitandani na shuka mkononi. Baba yangu, mtu mzima aliyevuka bahari sijui ngapi, alikuwa amesimama nje ya mlango wangu akiniogopa. Mimi nami, siku zote nilizokaa upande wa pili wa mlango ule, nilidhani ukimya wake maana yake hana haja nami. Na pale dimbwini, mbele ya mtaa mzima, katika kanzu mpya, alikuwa anafanya kitu kigumu kuliko kutengeneza mota. Sasa naelewa kwa nini hakunitazama alipouliza swali la kwanza.

Ndiyo maana kila nikimkumbuka Mjomba Haji namwombea. Angeiacha mirija yangu wazi, meli ingevuka dimbwi vizuri, watu wangepiga makofi, baba angesema hongera, ningesema ahsante, na saa ya ukutani ingeendelea kuongea peke yake nyumbani. Pamba zake ndizo zilizotukwamisha mahali pamoja tukalazimika kusemezana. Mpaka leo hajui. Anasimulia tu kwamba ile ndiyo kalafati bora aliyowahi kupiga.

Jumamosi, siku yetu ya kupiga simu, nilikwenda ofisini kwa matroni nikampigia baba, meli yao imetia nanga sijui wapi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama. Hujambo?"

"Sijambo."

Nikasikia upepo wa huko aliko.

"Baba," nikasema, "juzi mota imeungua maabara."

Nikamsikia akivuta kiti.

"Ehee," akasema. "Ilikuwa inazunguka jana yake?"

Nikaanza kumweleza, na sikuacha mpaka matroni alipoanza kukohoa.